Panga la Zuena

Mke wangu Zuena alikuwa wa mkono wa kushoto. Kula alikula kwa kulia, kama tulivyofunzwa sote. Lakini kwenye kazi ulitoka ule wa kushoto. Alipokuwa mdogo mama yake aliufunga kitambaa ili auache. Kitambaa kilichakaa, mkono ukabaki.

Amefariki mwaka huu, baada ya mavuno ya ufuta. Wajukuu wananiuliza bibi yao alikuwa mtu wa namna gani. Nitawaambia habari ya panga.

Ilikuwa wakati Wazungu wa mradi wa karanga wanafunga kazi yao Nachingwea, na matrekta yameachwa yanaota kutu. Mimi nilikuwa kibarua wao. Kazi ilipokwisha nilirudi Lionja, kwa wakwe. Kwetu Wamwera mume ndiye anayehamia kwa mke, na shamba unapewa na mjomba wa mke. Mjomba wa Zuena aliitwa Saadi. Alituonyesha kipande cha pori karibu na mto, udongo mweusi.

"Kifyekeni wenyewe," akasema. "Mvua ya kwanza ikikuta bado pori, nampa Kaimu."

Kaimu alikuwa mtoto wa dada mwingine wa Saadi. Alikitaka kipande kile tangu zamani. Sisi hatukuwa na kingine. Tukikikosa, ni kurudi Chunyu kwa ndugu zangu, na wao wenyewe walikuwa wanabanana.

Mara nikaanguka na baiskeli. Mkono wa kulia ukavunjika, ukafungwa banzi za mwanzi. Kaimu akaja kunipa pole.

"Pole sana, shemeji. Basi mimi niandae mbegu?"

Zuena alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua kichwa.

"Andaa," akasema. "Utanisaidia kupanda."

Tukaenda Nachingwea mjini kutafuta panga. Dukani yalikuwepo mapya, yanang'aa. Zuena akashika moja, akalikunja juu ya goti. Likabaki limepinda. Akachukua la pili, akaligonga kwa jiwe, akatega sikio. Akachukua la tatu.

Muuzaji alikuwa kijana, jina lake Lukumani. Akasema, "Dada, unanunua panga au ngoma?"

"Ngoma ikipasuka nitapiga makofi. Panga likipasuka nipige nini?"

Watu wakacheka. Zuena akayarudisha yote. "Haya ni ya majani," akaniambia. "Kule kuna miti minene kama paja."

Tukashika njia ya Nkowe. Huko alikuwepo mhunzi, mzee Felisian, Mkristo, anayefua mapanga kwa springi za malori mabovu. Aliyapanga juu ya ngozi, akasema, "Chagua, mwanangu."

Zuena aliinua moja moja, akaacha ncha ishuke yenyewe. Akachagua zito mbele. "Hili linaanguka lenyewe," akasema. "Nitakuwa peke yangu, sitaki kulisukuma."

Felisian akafurahi. Kisha Zuena akalihamishia kushoto, akakata gogo lililokuwa pale. Panga likateleza juu ya gome, likazama kwenye vumbi karibu na kidole chake cha mguu.

Mapanga yote yale makali yake yalinolewa ubavu mmoja tu wa bapa, kwa mtu wa kulia. Ukikata kwa kushoto, mti unakutana na ubavu usionolewa.

"Badili mkono," Felisian akasema. "Mungu kakupa miwili."

"Kanipa. Huu ndio wa kazi."

"Sijafua panga la kushoto tangu nizaliwe. Watu watasema nawafulia wachawi."

"Mchawi hafyeki, mzee. Mchana analala."

Felisian akacheka, lakini akatikisa kichwa. "Nenda nalo hilo hilo. Utalizoea."

Na mimi nilikuwa nimechoka. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Nikamwambia mke wangu, "Tulichukue, Mama Sikuzani."

"Nikijikata mguu atafyeka nani? Wewe na banzi zako?"



Akamkabidhi Felisian panga. "Kata wewe kwa kushoto, mzee. Likikata, naondoka nalo."

Felisian akajitapa, akakata. Panga likateleza, likagonga jiwe. Makali yakaingia pengo. Akalipapasa pengo lile kwa kidole gumba.

"Umeniharibia panga."

"Umeliharibu mwenyewe. Sasa ukilifua upya, geuza upande."

Felisian akavukuta moto.

Tuliporudi Lionja Zuena alianza siku hiyo hiyo. Alikata miti myembamba kwanza, na kamba za porini, kisha minene. Alikata toka alfajiri mpaka jua linauma. Mimi niliburuta matawi kwa mkono mmoja. Kiganja chake kilitoka malengelenge, akakifunga kanga, akaendelea. Sikumsikia akilalamika.

Pori lilipolala chini lote, Kaimu akaenda kwa Saadi. Akasema mwanamke hawezi kulimaliza pori lile, tumeleta vibarua kutoka Nkowe. Saadi alikuja na fimbo yake. Akachuchumaa kwenye kisiki, akaenda kwenye kingine, na kingine. Visiki vya watu wote, mkato wake huinamia upande mmoja. Vile mkato uliinamia upande wa pili, wa mkono wa kushoto, vyote.

"Kaimu," akasema, "shika panga lako. Nikatie kimoja kama hiki."

Kaimu hakushika.

"Haya," Saadi akamwambia Zuena, "choma, mwanangu."

Tukachoma. Mvua ya kwanza ilikuta majivu, na Zuena yumo ndani yake na jembe.

Shamba lile ndilo lililotulisha. Tangu alipotutoka limeota magugu, maana sikuwa na nguvu ya kwenda. Sasa ninakwenda kufyeka. Naanzia upande wa mto.