Ibra Mpaka Sur kwa Baiskeli

Baiskeli niliinunua kwa fundi mwashi aliyekuwa akirudi kwao. Nilimpunguzisha bei mpaka akanionea huruma, akaniongezea pampu na kengele bure. Kengele ile, kati ya Ibra na Sur, niliipiga mara mbili tu, na zote mbili nilikuwa nawapigia mbuzi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwezi wa Januari, jua likiwa bado na adabu. Watu waliniuliza kwa nini mtu mwenye gari uani apande baiskeli mpaka Sur. Sikuwajibu ukweli. Ukweli ni kwamba dada yangu wa tumbo moja alikuwa akikaa Sur, na kwa miaka minne alikuwa hasemi nami. Mara mbili nilitoka Ibra na gari kwenda kumwomba radhi, na mara mbili niligeuza Al Kamil, penye kituo cha petroli, kama mtu aliyesahau pochi. Gari ni jepesi kugeuza. Nikapiga hesabu, nikairudia: kwa baiskeli, ukishavuka nusu ya njia, kurudi ni taabu kuliko kwenda. Mwoga kama mimi alihitaji chombo ambacho juu yake uvivu wake mwenyewe ungemsukuma mbele.

Kosa langu lilikuwa hili. Mama alifariki Sur siku ya Jumanne, akazikwa siku ile ile baada ya Alasiri. Mimi wakati huo nilikuwa Nizwa na duka la vipuri, nikisubiri lori la mizigo. Maziko nilishayakosa. Nikasema nitaiwahi azaa, zile siku tatu watu wanapokaa kupokea mkono wa rambirambi. Nikazihesabu: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Nikazihesabu tena. Mara zote mbili nilianzia Jumatano. Kwa walimwengu wote, kumbe, siku ya maziko ndiyo ya kwanza. Nilifika Ijumaa mchana, lori limeshashusha, na nyumba ya mama kimya. Dada alinitazama mlangoni akasema, "Umekuja kama mgeni, na mgeni utabaki." Akaingia ndani.

Basi nilibaki mgeni, na si kwake tu. Mke wangu na watoto walikuwa wameshahamia Maskati kwa ajili ya skuli na kazi. Mimi nikarudi Ibra kwenye nyumba ya vyumba saba, nikitumia kimoja na nusu. Watoto nikiwapigia simu nikawasalimia kwa Kiswahili, hunijibu kwa Kiarabu, halafu huuliza kama naumwa. Kiswahili cha mama, alichokuja nacho kutoka Unguja na kukitunza kama sahani za harusi, nilikuwa sina wa kukisema naye ila dada.

Lami niliiachia malori. Nilifuata njia ya zamani ya vumbi, iliyokuwa ikitumika kabla ya barabara kubwa, inayopita nyuma ya mashamba ya mitende. Asubuhi ya kwanza nzima sikukutana na gari hata moja. Nilipita vijiji vyenye nyumba za udongo za ghorofa, madirisha yamebaki matundu, milango ya kuchongwa imefungwa kwa waya. Wenyewe wamejenga za matofali ng'ambo ya barabara, wameweka viyoyozi. Mudayrib nilihesabu minara juu ya vilima. Nilipata mitano, nilipohesabu tena nikapata sita, nikaona bora niendelee kabla haijazaliwa mingine. Chini yake mfereji wa falaji ulikuwa unatiririka kwenda mashambani. Nilinawa uso, nikasema kwa sauti, "Maji baridi haya!" Nilitaka kusikia tu kama maneno bado yapo.

Karibu na Bidiyah, pale mchanga unapoanza kuingilia njia, pikapu ilinijia kwa nyuma ikasimama. Dereva alikuwa mzee wa Kibedui, mbuzi wawili nyuma yake, na mmoja mbele kwenye kiti.

"Ya akhi," aliniita ndugu kwa Kiarabu, "gari yako imechukuliwa na nani? Benki au mke?"

"Gari ninayo, ami. Iko nyumbani."

"Basi akili ndiyo iliyochukuliwa. Pandisha hiyo baiskeli."

Kwetu baiskeli ni ya kibarua kwenda kazini. Mwenyeji mwenye kanzu na kilemba akionekana juu yake, ni msiba umempata. Nikamwambia daktari ndiye aliyeniamuru.

"Daktari gani huyo? Ana kisasi nawe?"

Hakutaka kuondoka. Kuniacha njiani kwake ilikuwa aibu, na kupanda kwangu kulikuwa kuharibu hesabu yote, maana kwenye gari ningeweza kusema nishushe, nirejeshe. Tukaanza biashara. Alitaka kunifikisha Sur. Nikakataa. Akashuka mpaka Al Kamil. Nikakataa. Akashuka mpaka nyumbani kwake, chakula cha mchana, kisha aniache niende zangu nife. Nikamwambia nitachukua maji. Akasema maji na tende. Nikakubali maji na tende, akaniongezea kitunguu, sijui kwa nini. Katika umri wangu wote wa sokoni sijawahi kumkazania mtu namna ile asinipe. Alipoondoka, yule mbuzi wa mbele alinitazama kwa dirisha mpaka nikawa simwoni tena.

Siku ya pili niliacha njia, nikapandisha milimani kwenda Wadi Bani Khalid. Si kwamba ilikuwa njiani. Nilijiambia nakwenda kupumzika kwenye maji. Kweli ni kwamba nilikuwa najichelewesha. Baiskeli niliisukuma zaidi ya nilivyoipanda. Kule juu, kati ya majabali, kuna mabwawa ya maji ya kijani, kina chake hukioni, na mitende imesimama ukingoni. Ijumaa hujaa watu na majiko yao ya nyama. Ile ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa peke yangu na samaki wadogo, wale wanaokuja kudonoa miguu. Nilitia miguu majini, nikakaa nao mpaka Adhuhuri. Nilikula tende za mzee na kile kitunguu, nikayatunga maneno ya kumwambia dada. Nilitunga marefu, nikayapunguza, nikayapunguza tena, mpaka yakabaki machache kiasi kwamba nikaona haya kuyabeba njia yote ile.

Siku ya tatu nilipita Al Kamil. Kituo cha petroli kilikuwa mkono wa kulia. Niliinamisha kichwa kama mtu anayepita kwa anayemdai. Nikapita. Nilikuwa nimeshavuka nusu, na mapaja yaliumwa mno kufikiria kurudi.

Siku ya nne, baada ya Alasiri, nilifika Sur. Baiskeli niliiegemeza ukutani kwa mama, alikobaki dada, nikabisha. Alifungua mwenyewe. Alikuwa amepungua mwili.

"Shikamoo, dada."

Hakuitikia shikamoo. Alinikaribisha kwa Kiarabu, kwa sauti ya watu wa nje, "Hayyak Allah. Tafadhal." Akanipeleka majlis, chumba cha wageni wanaume chenye mlango wake wa nje. Mimi, niliyelelewa mgongoni mwake, ninayejua sukari anaificha wapi, nikakalishwa kwenye mto wa wageni. Akaleta halua, tende, kahawa. Akaniuliza habari kwa Kiarabu, zile habari za desturi ambazo jawabu yake ni kheri hata kama nyumba inaungua. Nikajibu kheri. Akamimina kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hakukosea hata kitu kimoja. Sijawahi kupokewa vizuri namna ile, na sijawahi kuumia namna ile.

Kisha akaleta chetezo. Nilikuwa sijamaliza robo saa. Kila mtu anajua: ukishapitishiwa udi, hakuna tena kukaa. Nilijifukiza ndevu, nikajifukiza kanzu yenye vumbi la siku nne, nikamrudishia chetezo chake. Halafu sikuinuka.

Sokoni nimejifunza kwamba anayesema mwanzo ndiye anayepoteza. Nikautazama moshi wa udi. Naye akautazama. Moshi ukamalizika.

"Udi umeshapita," alisema. Kwa Kiswahili.

"Nimeuona."

"Basi?"

Maneno yote ya Wadi Bani Khalid yalikimbia. "Nilikosea hesabu," nikasema. "Nilianzia Jumatano."

"Mtu akifa Jumanne, anaanza kufa Jumatano?"

"Hapana."

"Na lori lilikuwa na nini?"

"Bampa na taa za magari."

Aliinamisha uso. Sijui kama alikuwa analia au anacheka. Kwa bampa, yote mawili yangewezekana.

"Nipe siku zangu tatu, dada," nikamwambia. "Nizikae sasa."

"Azaa ya miaka minne? Nani atakuja kukupa mkono, we mwana we?"

"Asije mtu."

Alifikiri. "Leo imo," akasema. "Usije ukaanza kuhesabu kesho."

Sikubishana.

Nilizikaa. Alinitandikia mkeka ukumbini, upande aliokuwa akikaa mama, akaniwekea birika la kahawa na vikombe kumi, vingi kwa mtu mmoja. Hakuna aliyekuja. Waliostahili kunipa mkono walikuwa wameshampa mtu mwengine, kwa wakati wake, na wengine wao nao wamekufa. Siku ile nilikaa mpaka Magharibi nikitazama mlango. Dada alipita na shughuli zake, akanitazama, akapita. Siku ya pili alinimiminia kikombe kimoja, akakaa kidogo, akaenda.

Siku ya tatu, baada ya Alasiri, alikuja kukunja mkeka. Nilishika ncha moja, naye akashika ya pili. Haukuwa mkubwa. Mtu mmoja angetosha kuukunja.