Corona Yenye Majani

Kasonia alikuwa dereva mzuri, na hili hata waliomchukia walilikubali. Alizaliwa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, akajifunza usukani kwenye pikapu iliyokuwa ikiteremsha ndizi na kahawa kutoka milimani, na kufikia umri wa kuoa alikuwa akijua njia za Kivu Kaskazini kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba yake. Kitu kimoja kilikuwa kimempita pembeni mpaka hapo: hakuwa amewahi kuendesha gari lililo lake.

Pale Butembo alimwendeshea Zorobabel, mfanyabiashara wa vipuri, mtu wa tumbo la heshima na kicheko cha karibu, aliyekuwa na taksi kadhaa kati ya Butembo na Beni. Kasonia alipewa Toyota Carina nyeupe. Aliiosha mwenyewe, akaisikiliza inavyokohoa asubuhi, akawakataza abiria kufunga milango kwa nguvu. Ungemwona ungedhani ni mali ya baba yake.

Wakati wa amani kuendesha gari la mwingine kusingemnyima mtu usingizi. Lakini ile ilikuwa miaka ya vita. Waasi walikuwa wametawala Beni na Butembo, waasi wengine walitaka kuwaondoa waasi hao, na wote, bila kujali walipigania nini, walipenda magari. Askari wakihitaji gari walikwenda kwa Zorobabel, wakapewa viti, wakaomba kwa adabu, naye akawatolea Carina. Kasonia hakuulizwa kitu. Alitolewa pamoja nayo kama gurudumu la akiba. Mara moja walimpeleka upande wa Mabalako, akabeba majeruhi na masanduku ya risasi, akakaa huko mpaka kanisani kwao wakaanza kumwombea mkewe Orpa kama mjane. Aliporudi Orpa alimtazama mlangoni muda mrefu, kisha akaanza kulia kwa hasira.

"Kama ingekuwa mutuka yako, ungetoa betri, ungesema imekufa," alisema kwa Kiswahili cha kwao, ambamo gari ni mutuka na askari ni basoda. "Sasa basoda banakubeba na mutuka ya mutu, na mimi na batoto tunabaki kuangalia njia."

Maneno hayo yalimkaa Kasonia moyoni. Tangu siku ile alitaka gari lake mwenyewe, ili siku askari watakapokuja waombe kwake, naye awe na la kujibu.

Basi Zorobabel akarudi kutoka Dubai na wazo. Kwenye televisheni ya hoteli aliona magari madogo ya kawaida, yale yale ya kupeleka watoto shule, yakishindana msimu mzima: leo hapa, wiki nyingine kule, kila mara alama, na mwisho bingwa mmoja. Kwa kuwa watu wa forodha huliita gari dogo "voiture de tourisme", yaani gari la utalii, naye akayaita mashindano yake Championnat ya Tourisme. Watalii wenyewe walikuwa hawajaonekana huko kwa miaka, labda uwahesabu wale waliokuja na bunduki. Lakini wafanyabiashara wa Butembo, ambao wanaweza kugombania bei ya misumari mpaka mlangoni pa kanisa, walikubaliana kwa jioni moja tu. Kila mmoja ataingiza gari lake na dereva wake. Zawadi ilitamkwa mbele ya watu wote: atakayekuwa bingwa, gari analoliendesha litakuwa lake.

Komanda wa waasi alipenda wazo hilo kuliko wote. Akaahidi kwamba Jumapili ya mashindano bariyeri zote, yaani kamba za askari za kufunga njia, zitakuwa wazi, na kwamba askari wake watashangilia.

Magari yetu mengi yalikuwa yametoka ng'ambo na usukani upande wa kulia, hali Kongo tunaendesha kulia, kwa hiyo dereva akitaka kulipita gari lingine haoni mbele. Lazima mtu aketi kushoto na kumwambia: nenda, ngoja, nenda. Mtu huyo tulimwita jicho. Jicho la Kasonia alikuwa Manassé, kaka yake Orpa, mwimbaji wa kwaya, mpole wa kupita kiasi, ambaye alikubali kazi hiyo kwa sababu dada yake alimwomba asimwache mumewe peke yake njiani.

Msimu ulipoanza ilionekana haraka kwamba mshindani wa kweli ni mmoja: Lusenge, dereva wa Toyota Corona nyekundu. Lusenge alikuwa mwongo wa kuchekesha, wa aina ile ambayo watu huwasamehe kabla hawajamaliza kudanganya. Siku ya kwenda Mutwanga alieneza habari asubuhi kwamba darajani askari wananyang'anya magari. Madereva wenzake wakaingiza magari yao kwenye mashamba ya kakao, wakayafunika kwa majani ya migomba, na Lusenge akapita peke yake akiwapungia mkono kama askofu. Butembo nzima ilicheka. Kasonia, aliyetoka shambani na siafu miguuni, hakucheka. Wiki ya kwenda Mangina mvua ilipiga, wengine wakazama kwenye matope, na yeye akapunguza upepo wa matairi na kufika wa kwanza. Hivyo hivyo wakaenda, huyu akipata leo, yule kesho.

Na vita havikuwa vimekwenda likizo. Jumapili moja mashindano yaliahirishwa kwa sababu ya milio upande wa msitu. Katikati ya msimu dereva mmoja aliyekuwa ameanza kuwakaribia kwa alama alichukuliwa na askari pamoja na gari lake, kama Kasonia alivyowahi kuchukuliwa, ila huyo hakurudi. Watu walisikitika mpaka Jumatano. Jumapili iliyofuata magari yalipangwa tena na pengo lake likazibwa. Kasonia alikuwa ameshahesabu kwamba sasa kikwazo chake ni Lusenge peke yake, na aliona aibu kidogo kwa hesabu hiyo, lakini hakuiacha.

Mbio za mwisho zilikuwa Beni mpaka Butembo. Alama zao zilikuwa zimelingana, kwa hiyo mambo yalikuwa mepesi: kati ya hao wawili, atakayeingia Butembo mbele ya mwenzake anaondoka na gari.

Walitoka Beni wakifuatana, Carina mbele, Corona nyuma. Kwenye bariyeri ya kutokea mjini askari walikuwa wamekunywa tangu asubuhi, na kina mama wauza ndizi walikuwa wamesogea njiani kuangalia. Magari yalipopita askari wakaanza kufyatua risasi kushangilia. Kasonia aliinamisha kichwa, akakanyaga mafuta, akapita. Alipotazama kioo, Corona haikuwepo nyuma yake.

"Imekufa," alisema kwa furaha.

"Mungu anajua," Manassé alijibu.

Walikwenda peke yao muda mrefu. Walipoanza kupanda Kabasha, pale njia inapobana kati ya ukuta wa mlima na bonde, kioo kikawaka. Corona ilikuwa inakuja na taa zote, honi haikatiki, na mbele yake, juu ya boneti, yamefungwa matawi mabichi ya mkaratusi.

Hakuna Mnande, mwenyeji wa Beni na Butembo, asiyejua maana ya majani hayo. Gari lenye majani mbele limebeba maiti. Ukiliona unasogea pembeni, unazima injini, unavua kofia, na hata askari mlevi huinua kamba bila kuuliza. Watu waliokatazana kila kitu vitani walikuwa bado hawajakatazana hilo.

"Shemeji, iko na majani," Manassé alisema. "Sogea."

"Ni Lusenge."

"Ni Lusenge, lakini iko na majani."

"Mayiti iko na haraka gani? Uliona wapi mutu anapeleka mayiti mbio vile, na honi?"

Manassé aligeuka kutazama nyuma. "Minaona mama mumoja ndani. Anapunga kitambaa."

"Lusenge anaweza kukodi mama. Anaweza kukodi hata kilio."

Kasonia aliamini alichosema, na hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yake. Alikumbuka siafu wa Mutwanga, akaona jinsi mji utakavyocheka tena, safari hii na gari lake likiwa limekwenda. Akashika katikati ya njia. Corona ikija kushoto, alikwenda kushoto. Ikirudi kulia, alirudi kulia. Mara moja ilisogea karibu sana mpaka akasikia sauti ya Lusenge ikipiga kelele, lakini honi ilimeza maneno. Manassé aliacha kuwa jicho lake. Aligeuza uso upande wa bonde, akabaki hivyo mlima mzima. Kasonia aliendesha kwa kukisia. Njia haikupanuka mpaka walipofika Maboya, na kutoka pale Carina ilikuwa na mbio kuliko Corona.

Butembo ilimpokea kama mtoto wake. Zorobabel alimkumbatia, akainua ufunguo juu watu wauone, akautia mkononi mwa Kasonia na kusema gari ni lake kuanzia saa hiyo. Kasonia alitaka kufurahi, na kweli alianza kufurahi. Ndipo Corona ikaja. Haikusimama kwenye kamba ya mwisho. Ilipasua watu kwa honi, ikakunja barabara ya hospitali na majani yake, na kila mwanamume aliyekuwa pale akavua kofia.

Manassé alikuwa ameshashuka na kuanza kutembea upande ule. Kasonia akamfuata kwa miguu, ufunguo mfukoni.

Kwenye ukumbi wa hospitali aliketi mama mmoja, kitenge chake kimelowa damu mapajani. Jina lake Jokébed. Hakumfahamu Kasonia, na kwa kuwa alihitaji kumwambia mtu, alimwambia yeye. Askari walifyatua risasi za furaha. Moja ilimpata binti yake Kavira tumboni, pale walipokuwa wakiuza ndizi. Magari mengine yalipita. Lile jekundu lilisimama ili kumpeleka Butembo, kwani Beni hakukuwa kumebaki daktari wa kupasua.

"Basoda balifunga kamba," alisema. "Balisema mutu mwenye risasi hapana kutoka mpaka komanda afike. Baliogopa ataseme nani alimupiga. Sasa huyu papa wa mutuka akabaambia: huyu amekwisha kufa, munaniache nipeleke mayiti kwao. Akavunja majani, akafunga mbele. Basi bakatuacha. Bariyeri zote bakatuacha, sababu ya majani."

"Na binti alikuwa amekwisha kufa?" Kasonia aliuliza.

"Alikuwa anasema, papa. Kule kwa mulima aliniomba maji. Halafu kulikuwa mutuka moja nyeupe, ikatufungia njia. Sijue tulimukosea nini yule mutu." Alikunja kitenge chake, akakikunjua. "Banganga ba hapa banasema amekufa pale kwa mulango, wakati banamushusha."

Manassé alikwenda kukaa karibu na yule mama. Kasonia alibaki amesimama. Alitaka ardhi impokee, au angalau mtu amtukane.

Lusenge alitoka ndani, mikono imeoshwa, shati halijabadilishwa. Alimwona Kasonia, akamwona mama, akaelewa kwamba walikuwa wakizungumza. Akamshika Kasonia mkono, akampeleka mpaka mwisho wa ukumbi, mbali na masikio.

"Alikufa tangu kule bariyeri," alisema polepole. "Sikiliza muzuri. Wakati nafunga majani, alikuwa amekwisha kufa. Hata ungetupisha, ni ile ile. Mimi niliendesha mbio sababu ya mama tu, ili asichoke. Kamata mutuka yako, enda kwa bibi yako."

Msimu mzima Lusenge alidanganya huku macho yakicheka. Sasa hayakucheka. Alisubiri jibu, na Kasonia akaona jinsi alivyokuwa amechoka, na kwamba hata Corona yenyewe imebaki kuwa ya patron, tajiri wake. Angeweza kusema: mama ameniambia kuhusu maji. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Kama angeyasema, wangekuwa wawili wa kuubeba ukweli huo, na labda siku moja wangeweza hata kuuzungumza.

"Wasingya," alisema badala yake, asante ya Kinande, ile ya kumpa mtu aliyekufanyia jambo kubwa. Lusenge akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa mama.

Kasonia aliendesha Carina yake miaka mingi baada ya vita kuhamia kwingine. Lusenge naye aliendelea na njia ile ile, akidanganya na kuchekesha kama zamani, na kila walipopishana alipiga honi ya salamu. Kasonia alitazama upande wa pili.