Mguu wa Uyoga-Fagio

Qi Cuixian alipoteza meno mawili ya mbele akiwa na miaka kumi na tisa, na aliyeyatoa ni mama mkwe wake. Bibi harusi wa mwezi mmoja, alipanda mlimani kuchuma uyoga-fagio, ule wenye matawi kama matumbawe, akaung'oa pamoja na mguu. Kwa Wayi, kabila la milima ile ya Yunnan, China, uyoga huo huvunjwa juu tu. Mguu huachwa ardhini na kufunikwa majani ya misonobari, ili mwakani uzae tena. Bi kizee alimcharaza kwa mpini wa jembe, kisha akampikia uji, maana kutafuna hakuweza tena.

Somo liliingia, na ukali ukaingia nalo. Mumewe alipokufa, Cuixian aliulinda mteremko wao wa mialoni kwa jembe lilelile. Shemeji yake, Luo Shunfa, alipong'oa miguu sita kwa pupa, alimvunja mkono mbele ya kijiji kizima, siku ya Sikukuu ya Mienge.

"Umeng'oa, nami nimevunja," alimwambia. "Nenda kashtaki."

Mkono ulipona ukiwa umepinda, na Shunfa hakusahau. Mteremko ulikuwa umeandikwa kwa jina la marehemu kaka yake, si la mjane. Mwaka mmoja wa mvua nyingi akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akaruhusiwa kuwauzia wachoma mkaa mialoni yote. Wangeanza kukata Ijumaa.

Jumatano, Mwalimu Duan, binti mtafiti wa chuo kimoja cha mjini Kunming aliyepanga kwa Cuixian, alikuwa akinywa mchuzi. Alikuwa amekuja kutafuta uyoga katika milima ambayo wataalamu hawakuwahi kuikanyaga. Ghafla akavua kipande cha zambarau bakulini.

"Shangazi, huu umeutoa wapi?"

"Kula, unapoa."

"Huu haumo katika kitabu chochote! Nikithibitisha ni mpya, wilaya itazuia miti isikatwe."

Cuixian alipanda mlima karibu mbio, akarudi na kikapu tele. Duan aliuchambua mmoja mmoja, uso ukazidi kumshuka.

"Miguu iko wapi?"

"Mguu haung'olewi."

"Bila mguu siutofautishi na ndugu zake, shangazi. Lazima niukate, nione unageuka rangi gani."

"Afadhali uning'oe jino la tatu!" Cuixian akakibamiza kikapu ukutani. Alhamisi nzima hakumsemesha mgeni wake.

Ijumaa asubuhi misumeno ilinguruma. Cuixian na Duan walipofika juu, mwaloni wa kwanza ulikuwa umeshaanguka na kuponda viota vya uyoga karibu vyote. Roho ilimuuma Cuixian kama aliyekanyagiwa mtoto. Akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa vidole.

"Ahaa!" Shunfa alicheka, shoka begani. "Mlinzi wa miguu leo anang'oa!"

Mpini wa shoka ukamshukia mkononi, vidole viwili vikavunjika kwa sauti. Cuixian akamrukia pajani kwa meno yaliyobaki, akang'ata mpaka nyama ikaachia. Shunfa akampiga kichwani. Damu ikamwagika juu ya uyoga alioushika, na Duan alipoukata mguu wa uyoga huo, wote ulikuwa mwekundu.

"Sijui wekundu huu ni wa uyoga au ni damu yako!" Duan alilia.

Cuixian akaokota jembe. Pigo moja likampasua Shunfa shavu, akaanguka chali, na wakataji wakazima misumeno na kurudi nyuma. Kiota kilichosalia kilikuwa kimoja, chini ya mwaloni mkongwe, kina miguu mitatu ya uyoga. Cuixian alijifuta mkono uliosalia mzima kwenye sketi, akaing'oa yote mitatu, akilia kwa sauti bila aibu.

Duan akakata. Miguu ilikuwa myeupe. Wakangoja. Taratibu rangi ya divai ikapanda kutoka chini, katika yote mitatu.

"Hakuna mwingine kama huu," Duan alisema.

Hadubini ilikubali. Amri ya wilaya ikaja, mialoni ikabaki imesimama, na uyoga ukapewa jina la mteremko. Tangu hapo mvua imenyesha misimu mitatu. Kila msimu Cuixian hupanda, hufunua majani ya misonobari, haoni kitu, hufunika tena. Haujachipua hata mmoja.

Sikukuu ya Mienge iliyopita, Shunfa mwenye kovu shavuni aliketi meza moja naye.

"Shemeji," akasema, watu wote wakisikia, "mimi niling'oa sita, ukanivunja mkono. Wewe umeng'oa ya mwisho duniani. Nikuvunje nini?"

Waliocheka walisogeza bakuli zao upesi, wakitarajia ugomvi. Cuixian hakutafuta jembe. Aliunyoosha mkono wake mzima, akaulaza mezani mbele ya shemeji yake, kiganja juu.

"Huu," alisema. "Vunja."