Kona ya Magunia ya Makala

Mwenye nyumba wangu alipima ua kwa hatua zake mwenyewe, mikono nyuma, midomo ikihesabu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, siku nane kabla ya safari, nikimtazama akisogea kuelekea kona ya nyuma ya jiko, pale nilipopanga magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia. Alipofika alilipiga la juu kwa kiganja, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

“Bii bitu utabiacha, mama?”

“Nitaviuza,” nikamjibu. “Usiviguse.”

Nilisema kwa ukali kuliko ilivyostahili, naye akacheka. Amezoea ukali wangu, ameula miaka kumi na sita. Alitoka nje ya lupango, ndivyo watu wa Kolwezi wanavyouita uwanja wenye nyumba na ukuta wake, nami nikabaki na chai iliyokwisha kupoa.

Yeye ndiye mtu pekee niliyemwambia kwamba naondoka. Huku mtu hatangazi safari. Unafunga sanduku milango imefungwa, unaaga ukiwa umekwisha fika, maana ukisema mapema kuna jicho litakalokufunga miguu. Nimeishi hapa muda mrefu hata mambo hayo nayaamini kuliko wenyeji. Lakini mwenye nyumba lazima ajue, na akijua mwenye nyumba, basi umepiga mbiu. Kabla ya jioni mtaa mzima wa Kasulo, upande wetu, ulikuwa unaniuliza Kanada iko wapi.

“Hauogope baridi?” waliniuliza kwenye bomba la maji. Naogopa, nikasema. Ndege je? Naogopa. Kufanya kazi na watu usiojua hata chakula chao? Naogopa hiyo pia. Yote yalikuwa kweli, lakini zilikuwa hofu za kukaribishia wageni. Ile yenyewe ilikuwa chini ya magunia ya makala. Pale ndipo alipozikwa mwanangu.

Nilikuja Kolwezi kutoka Mbeya nikiwa na miaka ishirini na sita, nikimfuata mume aliyekuwa fundi wa malori. Walinicheka Kiswahili changu, wakisema nasema kama Biblia. Nilipata kazi katika maabara ndogo ya bohari moja la kununulia madini: mawe yanaletwa, unayasaga, unayachanganya na asidi, unasoma yana shaba kiasi gani na kobalti kiasi gani. Katika mwaka wa tano nikashika mimba. Mtoto, wa kiume, alitoka mwezi wa nane wa mimba, hakulia.

Bibi kizee wa jirani, upande wa kulia, ndiye aliyekuja kumpokea. Kila mtu anamwita nkambo, yaani bibi, hata watu wenye mvi zao. Alikuja na wanawake wengine watatu, wakanieleza taratibu kama watu wanaosoma tangazo. Mtoto asiyevuta pumzi hapelekwi makaburini. Wanaume hawambebi. Hafanyiwi matanga. Anazikwa karibu na nyumba, ili njia ya kurudi asiisahau. Na mama hatazami. Walinifungia chumbani, lakini mimi nilizaliwa mbishi. Nikalivuta pazia kwa kidole, nikauona mgongo wa nkambo umeinama nyuma ya jiko, na jembe la mpini mfupi likipanda na kushuka.

Baadaye aliingia, akanawa mikono kwenye beseni langu, akaniambia: “Usimulilie, usimutaje. Ukimutaja, tumbo itafunga.”

Kwetu wanasema mficha uchi hazai. Huyu aliniambia kinyume chake, na kwa kuwa nilitaka mtoto kuliko nilivyotaka kuwa na akili, nilimtii. Sikumtaja. Sikumtaja kwa mume wangu, sikumtaja kwa mama yangu kwenye simu. Tumbo likafunga hivyo hivyo, pamoja na kimya changu chote.

Kama miaka mitatu baadaye, jirani wa kushoto alichimba choo akatoa mawe meusi, mawe ya kobalti. Ghafla mtaa mzima ukahitaji choo kipya. Watu waliotundika turubai uani walikuwa wanachimba, na waliofunga madirisha mchana walikuwa wanachimba sebuleni. Makrezeri, wachimbaji wa mkono, walikuja kutoka kila upande wa nchi hii. Wakishashuka hawafuati mpaka wa mtu. Wanaufuata mshipa wa jiwe, na mshipa haujui ukuta ni wa nani. Nilikuwa nafua nguo mchana nikiona maji yanatetemeka kwenye beseni. Nilikuwa nalaza sikio sakafuni, nasikia tindo zikigonga.

Mume wangu aliogopa nyumba isije ikatudidimiza. Hofu ya mtu mwenye akili timamu. Mimi sikuogopa hilo. Niliogopa kwamba mtu mmoja na tindo yake atatokea chini ya jiko, ataona kitambaa, atakivuta, na kilichomo kitapanda juu ndani ya gunia pamoja na mawe. Na mawe ya Kasulo tulikuwa tunayapima sisi. Nilikuwa nayamwaga magunia yale mezani kila siku, nikitazama kwa jicho moja.

Ndipo nilipoanza kupanga makala pale. Gunia moja, mawili, mpaka matano. Mume wangu akaniuliza kama nimefungua duka. Kisha akasema turudi nyumbani, Mbeya kuna kazi za malori. Nikasema hapana. Akasema basi tuhame mtaa huu tu, twende ng'ambo ya mji. Hapana. Mara ya tatu hakuuliza. Alifunga begi lake, akasubiri kwa muda kizingitini nione aibu, kisha akaenda. Hakujua kwamba nilichungulia. Wanaume hawaambiwi mahali mtoto alipozikwa. Alidhani ninayemkataa ni yeye.

Baada ya hapo niliishi peke yangu, nikilinda kona.

Mwaka huu bohari lilifungwa, na maabara nayo. Kibali changu cha kukaa nchini kiliandikwa kwa jina la kazi ile. Kazi ikiisha, nacho kinaisha. Rafiki niliyefanya naye kazi zamani alikuwa amehamia Kebeki, huko Kanada, kwenye mji wa machimbo kaskazini, akaniandikia kwamba wanatafuta watu wanaojua mawe na wanaosema Kifaransa. Nilijibu kwa heshima tu. Wao wakajibu kwa mkataba. Niliusaini kwa sababu siku thelathini zaidi hapa ningekuwa mtu asiye na karatasi.

Mwenye nyumba hakuniambia kwamba atachimba nikitoka. Hakuhitaji kusema. Nyumba nne za safu yetu zilihamwa na wapangaji wao, na zote nne zina shimo.

Siku ya tatu ya wiki, Jumatano, alirudi na vijana wawili na mtaimbo mrefu. Ndege yangu ilikuwa Ijumaa.

“Tunajaribisha kidogo tu, mama,” akasema. “Hakuna kitu itaharibika.”

Waliuzamisha mtaimbo chini ya dirisha, wakauchomoa, wakanusa udongo kwenye ncha. Wakauzamisha karibu na mlango. Wakaja jikoni. Nikaenda nikakaa juu ya magunia. Nilikaa kweli, na gauni langu jeupe, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, miguu inaning'inia.

“Mama, tuko tunakuomba.”

“Siku zangu hazijaisha.”

Wale vijana walitazamana. Mwenye nyumba alinitazama kwa huruma fulani ambayo ilinitisha zaidi ya mtaimbo, maana ilikuwa huruma ya mtu ambaye hana haraka.

“Sawa, mama. Siku ya posho tutarudia.”

Siku ya posho ni Jumamosi. Jumamosi mimi ningekuwa juu ya bahari.

Niliyofikiri usiku huo na asubuhi yake siyapendi kuyaandika, lakini yalikuwa yangu. Nilifikiri nimtoe niende naye. Nikachagua mpaka kitenge cha kumfungia. Nikaliona sanduku langu likifunguliwa kwenye meza ya uwanja wa ndege, Lubumbashi, kisha Adis Ababa, kisha huko kwenyewe, na afisa mwenye glavu akiuliza hiki ni nini, mama. Nikaona natafuta neno la Kifaransa na silipati. Nikaogopa. Lakini kumwacha kwa mtaimbo niliogopa zaidi, na kati ya hofu mbili mtu huchagua ile inayompa kitu cha kufanya.

Alhamisi mchana, watu wakiwa sokoni, nilivuta magunia moja moja, nikasimama na jembe mahali nilipokuwa sijakanyaga kwa miaka kumi na moja. Nilipiga mara moja. Nikapiga tena. Mara ya tatu jembe liligonga kitu kigumu, nami nikalitupa, nikarudi nyuma kwa matako mpaka ukutani, nikiwa nimeziba macho. Kilikuwa kipande cha tofali. Nilikiona baadaye sana. Pale nilichojua ni kwamba siwezi kuendelea wala kuacha.

“We, mama,” ilisema sauti juu ya ukuta. “Uko unatafuta nini?”

Alikuwa nkambo, kitambaa kichwani, kidevu kimefika tu juu ya matofali.

“Mtoto,” nikasema.

Alitoweka, nikasikia lango lake, kisha langu, na katikati mwendo mrefu wa mtu mwenye magoti mabovu. Alikuja akasimama karibu na lile shimo langu la aibu, akalitazama.

“Haiko hapa,” akasema.

Nilidhani akili zake zimemtoka. Nikamwambia nilimwona kwa macho yangu, nilichungulia.

“Najua ulichungulia. Pazia ilitikisika.” Alijishika kiuno. “Tulishaka kumutosha. Kale. Ile wakati jirani anaanza kutoboa, mi nikasema, bale bantu batamufikia. Njo nikamutosha.” Kumtosha, huku, ni kumtoa.

“Siku gani?”

“Ulikuwa ku kazi.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambia namna gani? Mi mwenyewe njo nilikukataza kumutaja.”

Alisema hivyo, bila kujitetea, kama vile mlango ulifungwa na yeye mwenyewe hakuwa na ufunguo. Mimi nikaanza kurudisha miaka nyuma. Jirani alianza kuchimba mwaka ule wa mvua nyingi. Mume wangu aliniambia turudi nyumbani mwaka uliofuata. Kwa hiyo mara ya kwanza aliponiomba, hapakuwa na kitu. Mara ya pili hapakuwa na kitu. Alipokuwa amesimama kizingitini na begi lake, mimi nilikuwa nalinda makala.

Nitasema ukweli: nilitamani kumpiga yule bibi. Nilimtukana kwa Kinyakyusa, lugha asiyoijua hata neno, nikapiga kelele mpaka koo likakauka. Yeye alikaa juu ya gunia akasubiri. Nilipomaliza aliinuka, akakaza kitenge.

“Vaa biatu. Twende.”

Tulipanda pikipiki mbili. Yeye alikaa upande, amemshika dereva begani, na mimi nyuma nikila vumbi lao, nikiogopa asianguke, nikiogopa tusifike, nikiogopa kufika. Makaburini aliniongoza bila kutafuta, mpaka kwenye msalaba wa saruji uliopasuka bega moja. Lilikuwa kaburi la binti yake, mtoto wake wa pekee. Nilijua kwamba alikuwa na binti aliyekufa kabla sisi hatujahamia. Nilichokuwa sijui ni kwamba alikufa na miaka ishirini na mbili, na hakuzaa.

“Hapa, juu ya kifua,” nkambo akasema, akagusa udongo. “Alikufa bila mutoto. Na wako alikuwa peke yake mule mu baridi. Nikamupa.”

Aliinama, akang'oa majani mawili matatu, akaongea na udongo kwa sauti ile ile anayoongea nayo na wateja wake wa mboga.

“Huyu njo mama ule mwingine. Iko anaenda mbali, anakuja kuaga.”

Kisha akanigeukia. “We enda. Usiogope juu yake. Iko na mama yake.”

Nilifungua kinywa kumwambia kwamba mama yake ni mimi. Nilikuwa na haki hiyo, na hasira ya kuitumia. Lakini tiketi ilikuwa kwenye pochi yangu, ya kesho yake, ya kwenda tu, na mbele yangu alikuwa amelala mtu ambaye haendi popote. Nikapiga magoti. Nikamsalimia yule binti, nikamwomba radhi kwa kuchelewa, nikamwomba anilelee mtoto.

Nkambo alisogea pembeni kutuachia nafasi. Nilibaki pale magotini nikisubiri, maana nilijua kwamba yule binti anaweza kukataa.