Wanga wa Muhogo Kwenye Soksi za Baleti

Watoto wakisimulia jinsi baleti ilivyoanza hapa kambi ya polisi ya Naguru, huanza na mwalimu, halafu wananigeukia mimi na kucheka. Basi acheni niseme mwenyewe, maana wao kwa huruma huficha mengine.

Mimi ni mjane wa polisi. Shule niliishia darasa la tatu, na hilo nalo sikulimaliza. Siku ile msichana mwembamba alipotoka Ntinda na redio yake, akaomba ukumbi wa kantini kila Jumamosi awafundishe watoto baleti, nilidhani ni chanjo. Mjukuu wangu akajiandikisha. Walikuwa saba. Walishika migongo ya viti, wakapanda juu ya vidole vya miguu, wakakunja magoti, wakanyooka. Mwaka mzima nilikaa mlangoni na mwavuli kuhakikisha hakuna anayeonyesha mapaja. Nani aliniajiri? Hakuna.

Kisha vijana wa kambi wakautaka ukumbi waweke televisheni ya mpira. Afande mkuu akamwambia mwalimu, "Jumamosi nakuja kuona. Nikiona kazi, mnabaki. Nikiona upuuzi, ukumbi unaenda kwa watu wa mpira."

Mjukuu wangu alikuwa na miaka tisa, na ndiye aliyepangwa mbele. Siku hiyo hakula.

Nikajitolea kufua nguo zao: sketi za wavu na soksi za kubana zinazofika kiunoni, zote nyeupe, zote za mtumba. Sasa nyie hamjui wake wa polisi tulivyokuwa. Mke alipimwa kwa kaptura ya mumewe. Akiivua, isimame yenyewe. Kaptura za marehemu wangu zilisimama kama zinangoja amri. Na afande anakuja! Nikachemsha unga wa muhogo, nikatumbukiza kila kitu, soksi pia, mara mbili. Nikaanika. Nikapiga pasi ya mkaa, nikitanguliza kitambaa chenye maji zisiungue. Sikuwa mjinga kabisa.

Jumamosi watoto hawakuvaa, walisukumizwa ndani ya nguo. Mjukuu wangu akatoka anatembea kama mtu mwenye plasta miguu yote miwili.

"Kunja goti," mwalimu akasema.

"Halikunjiki, mwalimu."

Akalazimisha. Soksi ikalia kwaa! Unga mweupe ukamwagika sakafuni.

"Jajja, umeweka nini?" mwalimu akaniuliza. Jajja ni bibi, na kambi nzima huniita hivyo.

"Wanga tu, mwanangu. Kidogo."

"Kwenye soksi?"

"Si afande anapenda unadhifu!"

Mjukuu wangu hakupaza sauti. Alisema tu, "Jajja, umetunyang'anya ukumbi." Nimezaa watoto sita, na uchungu kama ule sikuwahi kuupata.

Buti za afande zikasikika barazani. Hapo mimi, mlinzi wa mapaja ya kambi nzima, nikajisikia nikipiga kelele, "Vueni! Vueni soksi zote, chezeni na kaptura zenu za michezo!"

"Na mapaja je, Jajja?" akauliza mtoto wa jirani yangu Mkenya, meno yote nje.

"Mapaja kaumba Mungu. Vua!"

Wakacheza miguu wazi. Sketi tu ndizo zilizonitetea, zilisimama wima kiunoni kama sahani, na mwalimu baadaye alikiri kwamba ndivyo zinavyotakiwa. Wanasema mjukuu wangu alipanda juu ya vidole akakaa huko mpaka watu wakaacha kukohoa. Wanasema, kwa sababu mimi nilikuwa nimejifunika uso kwa leso, naomba kwa lugha tatu.

Nilijifunua niliposikia afande anasimama.

"Hii ni kazi," akasema. "Televisheni itafutiwe mahali pengine."

Nikapiga vigelegele hadi mwalimu akaziba masikio. Sauti ilinikauka siku tatu, kambi ikapumzika.

Mjukuu wangu akaja kwangu anahema, jasho linamtiririka.

"Jajja, uliniona?"

"Nilikuona vizuri sana."

"Nilizunguka mara ngapi?"

Nikatazama dari. "Mara nyingi."

"Jajja!"

Nikamwonyesha leso, imelowa yote. Akaguna kama mtu mzima. Akanivutia kiti, akanikalisha, akaenda kumwomba mwalimu awashe tena redio. Vijana wa mpira walikuwa bado mlangoni, wamenuna. Hakuwajali. Akasimama mbele yangu, akacheza yote tangu mwanzo, na safari hii nilihesabu. Alizunguka mara nne.