Mitoki ya Kabula

Ngeleja, mchinjaji wa Mwandoya, hakuwahi kuchinja mnyama bila kumchunguza ndani. Wateja wamesimama, naye ameinama anageuza bandama kana kwamba kapoteza kitu humo. "Kata nyama, mtu wa maswali!" walimfokea. Hakubadilika. Alishajua kwamba mbuzi mwenye kikohozi mara nyingi huwa na vinundu vilivyovimba shingoni, na mbuzi mzima vyake ni vidogo kama maharage. Kwa nini, hakujua, na kutojua kulimwasha kama upupu.

Ilikuwa miaka ile sungusungu walipoanza kulinda vijiji; mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, kila mwanaume anatoka mbio na silaha yake kumsaka mwizi wa ng'ombe. Mafua nayo yakaingia, yakazoa nyumba kwa nyumba. Kabula, binti mdogo wa Ngeleja, akawaka homa, kisha chini ya taya ikamtokea mitoki minene.

Milembe, mama yake Ngeleja, akatoa wembe na dawa ya majivu. Kwao mitoki huchanjwa, damu mbaya itoke. Ngeleja mwenyewe alikuwa na kovu kwenye taya, kazi ya mkono huohuo.

"Mlaze," alisema Milembe.

Ngeleja alimpenda bintiye kupita kiasi, na vilevile alimwogopa mama yake. "Mayu, ngoja kwanza nikaulize."

"Uulize nini? Ugonjwa huo hapo, unaushika kwa mkono!"

Alimbeba mtoto mgongoni hadi zahanati. Muuguzi, Felisita, aliibonyeza mitoki, nayo ikateleza chini ya kidole. Kabula akalia.

"Virusi vya mafua viliingia puani," alisema Felisita. "Pale palipovamiwa pakapiga mwano. Mwili ukapandisha joto, maana virusi havistawi vizuri kwenye joto. Hapa shingoni askari wa mwili wanakusanyika, wanaonyeshwa adui alivyo, wanazaliana wawe wengi. Ndiyo maana pamevimba."

"Kumbe hata mbuzi!" Ngeleja aliruka. "Na wakishashinda?"

"Wengi wanatoweka. Wachache wanabaki, wanamkumbuka."

"Mbona basi mafua yanarudi kila mwaka?"

"Yanarudi yamebadili sura, baba." Felisita alicheka. "Mpe maji na uji. Mitoki ikizidi kukua, au akipumua kwa shida, mlete upesi. Na wembe usimguse."

Milembe alikuwa akiwasubiri mlangoni. Ngeleja akasema: "Mayu, mwano ukipigwa watu wakakusanyika, unawakata wao, au unawaacha wamkamate mwizi?"

"Na akifa?" aliuliza Milembe. Sauti haikuwa ya ugomvi tena, alishazika watoto.

"Hata mimi naogopa, mayu."

Wembe ukachomekwa kwenye nyasi za paa. Mama na mwana wakapokezana kumnywesha Kabula, hakuna aliyekula vizuri. Homa ikashuka, mtoto akaanza kudai supu, na mitoki ikanywea polepole. Kila asubuhi Ngeleja aliipapasa na kutangaza: "Wanatawanyika!"

Ilipobaki kidogo tu, Milembe akaipapasa mwenyewe, muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono hadi kwenye taya la mwanawe, akaligusa lile kovu.

"Ulilia sana siku ile," alisema. "Baba yako alikukalia miguu. Nami nikasema, acha alie, ugonjwa unatoka."