Vigelegele Kwenye Mtihani wa PhD

Rafiki yangu, wewe naweza kukuambia bila kuona aibu. Binti yangu alikuwa anajiandaa kutetea PhD yake ya kukausha dagaa, na shida yake ilikuwa moja: akiulizwa swali mbele ya watu anakuwaga bubu. Mimi nilisoma masomo ya jioni tu, ningemsaidia nini? Nikaita wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani hapa Musoma waje kujifanya maprofesa.

Tulianza na sala. Halafu mama mmoja anayeuza dagaa soko la Mwigobero akakunja uso. "Haya binti, kwa nini tukuamini?"

Binti akajibu, sauti inatetemeka. Sisi tukapiga vigelegele.

"Mama, maprofesa hawapigagi vigelegele!"

"Basi hao hawajawahi kufika jumuiya," yule mama akasema. "Swali la pili: unaolewa lini?"

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Tukaendelea hivyo kila wiki, kila jibu na vigelegele vyake, mpaka sauti ikatulia.

Siku yenyewe nilikaa nyuma ya ukumbi, rozari mkononi. Swali la kwanza alilijibu vizuri, kisha akanyamaza kabisa. Maprofesa wamemuuliza la pili, wanamtazama. Nikaelewa: mtoto anasubiri vigelegele! Ee Bwana, ningefanyaje? Nikapiga.

Mwenyekiti wa maprofesa akavua miwani. "Mama, tafadhali."

Binti akacheka, akajibu maswali yote mpaka mwisho. Amefaulu.

Ukimjua mzazi mwenye mtoto anayeogopa mtihani, msimulie haya. Ila mwambie akae karibu na mlango.